Mheshimiwa Ekspekta Hajapitisha

Kuna nchi moja, na msiniulize iko wapi, maana mimi ni mtu wa amani na nina familia. Itoshe kusema kwamba ina mlima, ina mto, ina wimbo wa taifa wenye beti tisa, na watu wake ni wapole kupita kiasi. Upole huo hawakuzaliwa nao, waliufanyia mazoezi. Kila ofisi ya serikali katika nchi hiyo ilikuwa na benchi, na juu ya kila benchi kulikuwa na kibao cha bati chenye neno moja la Kiingereza kwa rangi nyekundu: WAIT. Wakoloni walipoondoka walibeba vitanda, saa za ukutani na hata mabomba ya maji, lakini vibao walivisahau. Serikali huru ikaona si vizuri kuharibu mali ya umma.

Ikatokea siku moja mgeni kutoka ng'ambo akaandika katika ripoti yake kwamba hicho ndicho kitenzi kinachotumika kuliko vyote nchini. Mtukufu Rais alikasirika sana. Hakukasirika kwa kuwa wananchi wanangojeshwa, hilo alilijua, bali kwa kuwa wanangojeshwa kwa lugha ya mkoloni. Baraza la Mawaziri lilikaa siku tatu likijadili. Waziri mmoja, kijana ambaye bado alikuwa na kiherehere cha kuteuliwa, alipendekeza liandikwe neno NGOJA. Akaambiwa akae chini.

"Wataelewa," alisema Waziri wa Heshima ya Taifa kwa masikitiko. "Na wakishaelewa, watauliza mpaka lini."

Ndipo likapita azimio kwamba kitenzi hicho kitafsiriwe kwa Kilatini, lugha ya mahakimu na madaktari, ambayo waliokuwa wakiizungumza walikwisha kufa zamani na hawawezi kuandamana.

Katika nchi nzima Kilatini alikijua mtu mmoja tu. Jina lake Mwalimu Kasiani. Alikifundisha kwa miaka ishirini na sita katika seminari moja ya milimani, hadi wanafunzi walipokwisha na jengo likageuzwa ghala la saruji. Tangu hapo akawa fundi wa majiko ya mafuta ya taa. Mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Pasaka, na alipokuwa akizibua jiko alikuwa akinyambua vitenzi kimoyomoyo ili visimtoke.

Mkewe aliitwa Eufrasia. Mungu hakuwajalia mtoto. Katika mji wao kila mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake, Baba Fulani, Mama Fulani, hata jina alilobatizwa likasahaulika. Hao wawili walibaki wakiitwa Mwalimu na mke wa Mwalimu. Eufrasia alilizoea jambo hilo jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Faraja yake ilikuwa kwaya, ambako alikuwa ameimba sauti ya kwanza kwa miaka thelathini, na kati ya nyimbo zote alipenda Kredo ya Kilatini kwa sababu ndiyo aliyofundishwa na mumewe wakiwa wachumba.

Mwaka huo aliota uvimbe shingoni. Ulianza kama punje ya kunde. Ulipofikia ukubwa wa yai la kanga, daktari wa wilaya aliuminya kwa vidole viwili, akavuta karatasi.

"Hospitali Kuu wana mashine," alisema. "Wakimpata ndani ya miezi mitatu, atapona. Ikizidi hapo, Mwalimu, mimi sina la kukuahidi."

Akaandika barua ya rufaa. Lakini katika nchi hiyo, kuugua nje ya wilaya yako kulihesabiwa kuwa ni jambo linalogusa heshima ya taifa, kwa hiyo barua ya rufaa haikufaa kitu bila saini ya Wizara ya Heshima ya Taifa. Ndiyo maana gari jeusi lilipokuja kumchukua Mwalimu Kasiani akatafsiri kitenzi, majirani walimlilia wakidhani amekamatwa, naye alikuwa akicheka. Aliikunja barua mara mbili akaitia mfukoni.

*

Katibu Mkuu wa Wizara ya Heshima ya Taifa aliitwa Bwana Melkiori. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Mwalimu, taifa linakuhitaji," alisema.

"Nami nalihitaji taifa, mheshimiwa," alijibu Kasiani, akaiweka barua mezani. "Mke wangu ni mgonjwa."

Katibu Mkuu aliisoma barua yote, akapeleka kichwa huku na huku kwa huruma ya kweli. Akaapa kwamba siku kibao cha kwanza cha Kilatini kitakapopigiliwa, siku hiyo hiyo barua itatiwa saini. Kisha akauliza kitenzi kile kwa Kilatini ni nini.

"*Exspecta*," alisema Kasiani.

Bwana Melkiori aliruka kwenye kiti. "Polepole, Mwalimu! Neno la taifa haliwezi kumtoka mtu namna hiyo kama chafya. Kuna utaratibu."

Utaratibu wenyewe ulitaka kazi yoyote ya serikali igombewe na waombaji wasiopungua watatu. Kwa kuwa mjuzi alikuwa mmoja, sheria ikabidi iheshimiwe kwa njia nyingine. Kasiani alijaza fomu mara tatu: kwanza kama Mwalimu Kasiani, pili kama Kasiani Mwalimu, tatu kama Bwana K. Mwalimu, kila mmoja na neno lake, *exspecta*, *mane* na *praestolare*. Alihojiwa mara tatu na jopo la watu saba, na kila mara alitakiwa abadilishe koti. Yule wa tatu alionywa vikali kwa kufanana na wa kwanza. Jopo lilichukua wiki tano kutafakari. Mwishowe Mwalimu Kasiani akashinda, na walioshindwa wakaandikiwa barua za kuwatakia heri, ambazo mshindi alizipokea zote mbili kwa posta.

Wiki nyingine tatu zilikwenda kwa mafundi, kwa maana vibao vipya vilikuwa vya shaba. Wakati huo wote Eufrasia alikuwa akihudhuria mazoezi ya kwaya. Alianza kushuka kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili, akatoka ya pili akaenda kusimama na wanaume nyuma, na Jumapili moja akafungua mdomo katikati ya wimbo kisitoke kitu. Alirudi nyumbani na sleti aliyoazima kwa watoto wa katekisimu. Tangu siku hiyo alizungumza kwa chaki.

"Usisikitike," aliandika. "Sasa utanisikiliza kwa macho. Masikio yako siku zote yalikuwa mazito."

Kasiani alicheka, akatoka nje akasimama nyuma ya choo mpaka macho yakakauka.

*

Vibao vya shaba vilikuwa vizuri mno. Neno EXSPECTA lilichongwa kwa herufi nene, likang'arishwa hata unaweza kujitazamia meno. Wakubwa wa maofisi waliona ni dhambi kutundika kitu kama hicho juu ya benchi ambako wananchi hukaa na vikapu vyao. Wakaondoa majina yao milangoni, wakaweka shaba.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ukitazama vizuri huwezi kumlaumu mtu. Raia wa nchi hiyo alifundishwa tangu utoto kwamba kilichoandikwa mlangoni ni jina la mkubwa. Hakuna aliyewahi kuusoma mlango akitafuta ushauri. Asubuhi ya kwanza bibi mmoja alifika kufuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, akalitamka lile neno polepole mpaka likakaa sawa mdomoni.

"Mwanangu, huyu Ekspekta ndiye bosi mpya?"

Karani alikuwa na watu sitini mbele yake na hajanywa chai. "Ndiye, bibi."

"Yupo?"

"Hayupo."

"Atarudi lini?"

"Hajasema."

Bibi alishukuru, akajifunga khanga yake, akaenda zake bila kulia wala kutukana. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi ile. Karani akabaki ameduwaa. Kufika Ijumaa makarani wa nchi nzima walikuwa wamejifunza: leseni, hati ya shamba, kibali cha kuzika, kila kitu kilikuwa tayari kabisa, ila Mheshimiwa Ekspekta hajapitisha.

Kasiani alikwenda wizarani siku ile kibao kilipopigiliwa, kama walivyoahidiana, akaambiwa arudi Jumatatu, akarudi. Bwana Melkiori aliitoa ile barua, akafungua kalamu, akaishusha mpaka unywele mmoja kutoka kwenye karatasi. Halafu akaifunga kalamu.

"Unajua, siku hizi rufaa zote zinapita kwa Mheshimiwa."

"Mheshimiwa yupi?"

"Ekspekta."

Kasiani alidhani anataniwa. "Bwana Katibu, hilo ni neno langu. Nimelileta mwenyewe, hapa, kwenye kiti hiki. Hakuna mtu."

"Wewe ulileta neno, Mwalimu," alisema Bwana Melkiori kwa upole, akipangusa meza. "Taifa limeleta mtu. Nikitia saini mimi, watasema nimempora madaraka."

Na alikuwa anaogopa kweli. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kasiani alimtazama akatambua kwamba huyu bwana, aliyekuwa kwenye jopo, aliyelichagua neno kwa mkono wake, alikwisha kuanza kuamini.

*

Habari zilimfikia Mtukufu Rais kwamba yuko ofisa nchini anayetajwa kuliko yeye. Akaagiza akamatwe. Alipoelezwa kwamba watu wanamtaja kwa kumlaani, na kwamba laana hizo zote zamani zilikuwa zikimwendea yeye, aliitengua amri hiyo akamteua Ekspekta kuwa Waziri.

Sherehe ya kumwapisha ilifanyika uwanjani. Kiti chenye foronya ya dhahabu kiliwekwa jukwaani na koti jeusi likatundikwa juu yake. Kipaza sauti kilisogezwa mbele ya koti, na uwanja mzima ukakaa kimya dakika nne. Magazeti ya serikali yaliisifu hotuba hiyo kwa ufupi wake. Gazeti moja liliandika kwamba kwa mara ya kwanza waziri hakutoa ahadi asiyoweza kuitimiza, na mhariri wake akapewa nishani.

Ikawa Kasiani anapanga foleni kila siku nje ya ofisi ya waziri huyo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na koti likionekana ndani. Karani alikuwa akisema Mheshimiwa yuko kikaoni. Siku ya nne Kasiani alishindwa kuvumilia, akapaza sauti mbele ya foleni yote:

"Ndugu zangu, hayupo! Hajawahi kuwepo! Ni mimi niliyemtoa, ametoka kichwani mwangu mimi!"

Watu waligeuka wakamtazama. Kisha mzee mmoja aliyekuwa na bandeji jichoni akasogea, akaishika mikono ya Kasiani kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ndiwe baba yake," alisema. "Shikamoo, Baba Ekspekta. Tusemee basi kwa mtoto."

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa ameandamana na watu thelathini. Kesho yake walikuwa mia. Walikaa uani kwa heshima kati ya majiko mabovu, kila mmoja na barua yake, na walipomwona Eufrasia mlangoni, na kitambaa kimemfunika shingo, wanawake walipiga magoti wakasema, "Shikamoo, Mama Ekspekta."

Eufrasia alishika mwimo wa mlango. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na hakuna mtu aliyewahi kumwita Mama wa yeyote. Kasiani aliona mambo mengi yakipita usoni mwake kwa pamoja, akaogopa kwamba ataumia. Lakini mkewe aliingia ndani, akatoka na kikapu chake cha sokoni, akazipokea zile barua moja moja kwa mikono miwili, akawapa wenyewe maji ya kunywa. Jioni aliandika kwenye sleti:

"Asiye na mwana na aeleke jiwe. Mimi nimepata la shaba."

"Unacheka, nami roho inaniuma," alisema Kasiani. "Wiki ya kumi na moja hii, Eufrasia."

Eufrasia akafuta, akaandika tena. "Shuleni ulikuwa unawaambia wazazi watie saini kwa niaba ya watoto wao. Wewe si baba yake?"

Kasiani alielewa, akashtuka. Mtu huyu aliwahi kumfukuza shule mwanafunzi hodari kuliko wote kwa kughushi saini ya mzazi. Hakuwahi kuiba hata chaki. Alisema haiwezekani, ni kosa, na akakaa na msimamo huo siku mbili nzima. Siku hizo mbili ndizo alizozililia baadaye kuliko zote, kwa sababu hazikuchukuliwa na Wizara, wala jopo, wala mafundi wa shaba. Alizichukua yeye.

Siku ya tatu Eufrasia alishindwa kumeza uji. Kasiani aliichukua barua ya rufaa, akaandika chini yake kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: *Imepitishwa. Ekspekta.* Akaupuliza wino ukauke. Akakodi gari la kubebea mkaa, wakaenda.

*

Mganga Mkuu wa Hospitali Kuu aliisoma barua akiwa ameketi. Alipofika chini alisimama. Akaita wasaidizi wake, nao wakaita manesi, na wote wakasimama kuizunguka meza kama watu wanaomwangalia mtoto mchanga.

"Hii ni saini yake?" alinong'ona.

"Ni yake," alisema Kasiani.

"Hakuna mtu aliyewahi kuiona."

"Sasa mmeiona. Atalazwa leo?"

"Leo hii hii, mzee wangu! Mashine iko tayari, kitanda kipo." Mganga Mkuu alikuwa akilia kwa furaha, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. "Ila kuna jambo dogo. Waraka wa kwanza wa kiongozi yeyote ni mali ya Makumbusho ya Taifa. Ndiyo sheria. Nikiuacha hapa ukadondokewa na dawa, nitajibu nini?"

Kufika saa sita mchana walikuwa wamefika polisi wa pikipiki, bendi ya tarumbeta na sanduku la kioo. Barua ililazwa juu ya mahameli, ikaondoka kwa ving'ora. Wagonjwa waliojiweza walitoka wodini kushangilia. Eufrasia alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, amemwegemea mumewe, na mlangoni kando yao kibao cha shaba kikiwaka jua.

Vumbi lilipotulia, karani wa mapokezi aliomba barua ya rufaa. Kasiani alimweleza kwamba imepita mbele ya macho yake sasa hivi, na tarumbeta. Karani akakubali kwamba ameiona, na kwamba ameguswa sana. Lakini faili haliwezi kufunguliwa bila karatasi. Makumbusho yangetoa nakala yenye muhuri mara tu maonyesho yatakapofungwa, yaani baada ya siku arobaini.

"Andika nyingine!" aliandika Eufrasia.

Kasiani aliandika nyingine pale pale, kwenye nakala ya barua ambayo daktari wa wilaya alimpa ya akiba. Karani aliitazama akatikisa kichwa kwa huzuni. Ya kweli, alisema, iko Makumbusho, kila mtu ameiona ikienda. Hii basi itakuwa ya bandia.

Walirudi nyumbani na gari lile lile la mkaa. Eufrasia aliishika nakala hiyo njia nzima, na walipofika aliitia kwenye kikapu pamoja na barua za wenzake. Hakuandika neno lolote kwenye sleti mpaka jioni, alipomwomba mumewe amtolee mto uani, akalala akisikiliza watoto wa jirani wakiimba. Alikufa siku ya tisa, asubuhi, Kasiani akiwa ameinama anapuliza jiko ili apashe uji. Aligeuka na bakuli mkononi akaona hahitaji tena kuharakisha.

*

Kwa kuwa marehemu alikuwa mama wa waziri, serikali iligharimia mazishi. Mwalimu Kasiani hakuombwa ruhusa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Kiti cha foronya ya dhahabu kililetwa kanisani, koti likiwa juu yake na kitambaa cheusi kwenye mkono wa koti, kikawekwa mstari wa mbele karibu na jeneza. Bwana Melkiori, macho mekundu, alimshika Kasiani kiwiko akampeleka mstari wa pili, maana itifaki haimruhusu raia kukaa mbele ya waziri aliyefiwa.

"Amepata pigo kubwa," alimnong'oneza, akikitazama kiti. "Lakini ona anavyojikaza."

Misa ya wafu haina Kredo. Lakini kwaya ilimwomba padri, naye akaruhusu, kwa ajili ya Eufrasia. Walianza vizuri, na pengo la sauti yake likisikika pale pale alipokuwa akisimama. Kasiani aliufuata wimbo ule kwa midomo, kama alivyomfundisha chini ya ngazi ya parokia miaka thelathini na sita nyuma, akimrekebisha kila silabi ili apate sababu ya kuendelea kumtazama. Akasahau kwamba mwishoni, pale waumini wanapokiri kwamba wanaungoja ufufuko wa wafu, neno lile limo. Kwaya ikaimba *exspecto*, na kanisa zima, mawaziri, majenerali, wanawake wenye vikapu, likasimama kwa kishindo na kugeukia kiti, kwa kuwa Mheshimiwa ametajwa.

Kasiani peke yake alibaki ameketi. Jeneza hakuliona tena, lilizibwa na migongo ya watu. Aliwaza kwamba alipewa neno moja zuri, neno ambalo wafu wamelilalia karne na karne, akaenda kulipigilia kwenye milango ya makarani ili apate saini. Aliona aibu mbele ya mkewe kuliko alivyowahi kuona aibu mbele ya mtu aliye hai. Akajifunika uso kwa mikono inayonuka mafuta ya taa, akalia kwa sauti, na waliokuwa karibu wakamhimiza anyamaze ili Mheshimiwa asisumbuliwe.

*

Matanga yalipoanuliwa, uani walibaki wale wale wenye barua. Hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Yule mzee wa bandeji alikuwepo, na sasa bandeji ilikuwa macho yote mawili, akiongozwa na binti yake.

"Pole, Baba Ekspekta," alisema. "Tunajua nyumba ina msiba. Tutangoja."

Ni neno hilo lililomwinua Kasiani. Aliingia chumbani akakichukua kikapu cha Eufrasia. Juu yake ilikuwepo sleti, na maandishi ya mwisho yalikuwa bado hayajafutika vizuri: majina ya watu, yamepangwa kwa kufuata ukali wa shida zao, na la kwanza lilikuwa la mzee wa macho.

Aliitoa meza uani, kwenye jua la saa nne, mbele ya kila mtu. Alikuwa amefikiri. Saini moja ni hazina ya taifa. Saini mia tatu hakuna Makumbusho yanayoweza kuzimeza, wala bendi yenye pumzi ya kuzipigia tarumbeta. Akafungua kalamu, akaandika *Imepitishwa. Ekspekta* kwenye barua ya mzee, akampa binti yake.

"Nendeni sasa hivi," alisema. "Msikae kwenye benchi."

Aliandika mchana kutwa. Hakujificha, hakubadilisha mwandiko, na alipoulizwa na polisi aliyepita anafanya nini, alisema anamsaidia mwanawe kazi. Polisi alipiga saluti, kisha akatoa mfukoni barua yake mwenyewe. Jioni binti wa mzee alirudi mbio, khanga imemwanguka begani, akisema baba amelazwa, walimpokea bila kuangalia mara mbili, karani alisema siku hizi Mheshimiwa anapitisha hovyo. Watu walipiga vigelegele, halafu wakakumbuka kuna msiba, wakanyamaza.

Kasiani aliendelea. Kikapu kilikuwa kimebaki na karatasi moja chini kabisa, imekunjwa mara mbili. Aliifungua, ingawa aliijua. *Eufrasia, mke wa Mwalimu. Uvimbe shingoni. Ndani ya miezi mitatu.* Saini ilikuwepo tayari, ile iliyokataliwa. Aliishika kalamu, akayakata maneno *mke wa Mwalimu*, akaandika juu yake *Mama Ekspekta*. Kisha akatia saini tena, pembeni ya ile ya kwanza, akaiweka karatasi kando ikauke.

"Nani anafuata?" aliuliza.